Herufi ya Tisa

Kompyuta hii haijui intaneti.
Nimeichomoa makusudi, kama mgonjwa anayekatazwa wageni,
maana siku akija fundi wa kuisasisha
kinanda kitakufa.

Kinanda chenyewe hakina mbao, hakina nyuzi.
Ni dirisha la kijivu kwenye skrini,
vitufe kumi na viwili vya kuzungusha, kimoja hakifanyi kitu
na hakijawahi kufanya.
Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: bure, tumia upendavyo.
Aliyekiunda aliacha zamani. Anwani yake haiitiki.
Sijui kama ni mzee, kama ni binti, kama yu hai.
Alikiweka njiani, akaenda zake,
hakugeuka kutazama nani amekiokota.

Kilifika Tabora ndani ya diski, mfukoni mwa karani wa reli,
mwaka ule treni ya Mpanda ilipolala Kaliua siku tatu.
Kashindye akakinakili kwa soda mbili.
Tulikuwa na chumba Isevya, magodoro ukutani,
trei za mayai darini,
na nyuki wa jirani muuza asali
waliojiingiza katika kila rekodi bila kuitwa.

Usiku mzima alizungusha vitufe
hadi ikatoka sauti, sijui niiteje:
ukingo wa sufuria unaopapaswa kwa kidole kibichi,
mtu anayeguna wimbo chumba cha pili
akidhani nyumba ni tupu.
Akaihifadhi kwa jina lake.
Programu inapokea herufi nane, zaidi ya hapo haisikii.
Ikaandika: KASHINDY.
Tulicheka mpaka muuza asali akagonga ukuta.

Na sauti nane kwa pamoja, basi.
Ukibonyeza ya tisa, ya kwanza inanyamaza yenyewe,
inampisha mgeni kitini.
Mwalimu wetu wa fasihi angefurahi:
mizani nane, angesema, huyo fundi alikuwa malenga.

Mpwa wangu Ntinginya amenunua kipya.
Sauti elfu nne, picha za dhahabu, malipo kila mwezi.
"Kipya kinyemi, mjomba."
Nikammalizia methali.
Lakini tusidhulumu: kipya chake ni kizuri,
zeze lake lina hadi mkwaruzo wa upinde.
Ila kinajua kila kitu. Kinajibu kabla hujauliza.
Hiki cha kijivu kinangoja,
na kwenye noti za juu kinakoroma.

Juzi ilikuja kwaya kutoka Urambo.
Walizisikiliza sauti za Ntinginya kwa adabu, vikombe magotini,
kisha Bi Nyamizi, wa sauti ya tatu, akauliza:
"Ile ya harusi ya mdogo wangu iko wapi?
Ile inayolia kama imesahau kitu?"

Kashindye alikwenda Mpanda, kwenye dhahabu.
Shimo.
Zaidi ya hapo nami sisikii.

Diski nimeinakili mara tano.
Moja iko kwenye kopo la kahawa, moja kwa dada yake,
nyingine sikumbuki, na hilo linaninyima usingizi.
Ntinginya amegundua faili ndani ya programu:
unalifungua, unabadilisha nane iwe tisa,
jina linaenea lote.
"Dakika mbili tu, mjomba."
Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kipanya.
Nikamwambia aache.

Hakuelewa, na sikumweleza.
Umeme ukirudi, mashine ikiamka kwa kukohoa,
nalichagua jina lile lililokatwa,
nabonyeza kibonye kimoja cha katikati, nakishikilia,
na spika zinatamka kilichobaki:
e,
ndefu, yenye mkwaruzo,
mpaka kidole kichoke.